Shahidi wa Wiki ya Thelathini na Moja

Mtoto aliruka kwa mara ya kumi na tisa.

Aliruka juu ya Meza ya Nuru, mbele ya watu sitini waliojazana barazani, ingawa mwenyewe alikuwa hatua tatu kutoka hapo, ndani ya tumbo la mama yake. Mama huyo, Mwanakombo Kiondo, alikuwa amekalishwa kwenye kiti chenye mgongo mrefu, na mkanda mpana wa kijivu umelizunguka tumbo lake la wiki thelathini na moja. Kila baada ya nusu dakika, kengele ndogo iliyoshonewa ndani ya mkanda ilinguruma juu ya ngozi yake. Na kila iliponguruma, kivuli cha rangi ya dhahabu kilichoelea juu ya meza kilitupa mikono, kikakunja miguu na kugeuza kichwa kama mtu aliyemwagiwa maji baridi usingizini.

"Ya ishirini," alisema karani.

Kengele ikanguruma. Mtoto akaruka.

Bi. Perpetua Shekalaghe aliandika alama ya mwisho katika daftari lake, kisha akaiweka kalamu chini. Alikuwa mkunga kwa miaka ishirini na mitatu, na msomaji wa vijusi aliyeapishwa kwa miaka kumi na mmoja. Hakuhitaji zile namba zilizokuwa zikipita ukingoni mwa meza. Mtoto wa umri ule, akiwa mzima, hushtuka kengele inapolia mara ya kwanza. Mara ya tatu, mshtuko wake huwa umepungua. Mara ya sita hutikisa bega tu. Ikifika ya kumi huwa amekwisha kuelewa kwamba sauti ile haina madhara, naye hurudi kwenye shughuli zake: kunyonya kidole, kumeza maji, na kukizoeza kifua chake kuvuta hewa ambayo bado hajaijua. Kujifunza kupuuza ndilo somo la kwanza la binadamu, na husomwa kabla ya kuzaliwa.

Huyu hakujifunza. Mara ya ishirini aliruka kama alivyoruka mara ya kwanza. Kuna kitu kilichokuwa kimeichochea damu yake hata akashindwa kutulia.

"Kashalewa huyo," mtu mmoja alinong'ona nyuma. "Hata meno hajaota."

Wenzake wakacheka. Bi. Perpetua aligeuza kichwa, akawatazama, na kicheko kikakatika. Alikuwa na hasira tangu asubuhi, nayo ilikuwa imeelekezwa mahali pamoja tu: kwenye kiti kile chenye mgongo mrefu. Huyu alikuwa mama wa saba katika miezi miwili kutoka korona, kiwanda cha kuchakata mkonge cha Kwashemhilu, ambacho hakijazima mashine hata siku moja tangu dunia ilipoanza kusuka kwa mkonge kamba za kupandishia mizigo angani. Wanawake saba vijana, wenye akili timamu, waliosikia mahubiri ya kliniki kila mwezi! Bi. Perpetua alijiuliza ni kichaa gani kilichowaingia.

"Mheshimiwa, mimi situmii kitu chochote," alisema Mwanakombo. "Hata chai ya rangi nimeiacha. Nipimeni damu!"

"Hatupimi damu, mama," alijibu Hakimu Mbaruku, naye alikuwa mtu mpole aliyechoka. "Mwili wako ni wako. Sheria hairuhusu uguswe hata kwa sindano."

Na ni kweli. Sheria ya Shahidi Asiyezaliwa ilipopitishwa ilipigiwa makofi nchi nzima kwa sababu hiyo hasa. Mama asichomwe, asipekuliwe, asidhalilishwe. Aulizwe mtoto. Mtoto akishuhudia kwamba ametiwa dawa, mama hupelekwa Nyumba ya Utulivu hadi ajifungue, na mtoto hulelewa na serikali kwa miaka miwili. Msomaji huapa kwa maneno machache: *Nitasema alichotenda, sitasema kwa nini.* Akishaapa, hutakiwa kujibu swali moja tu, ndiyo au hapana.

Bwana Mkufya, afisa ustawi wa kiwanda, alisimama, akafunga kifungo cha koti.

"Kampuni inasikitika sana, Mheshimiwa. Wafanyakazi hawa tunawapa uji, tunawapa viti vya kupumzikia, tunawapa ruhusa ya kliniki. Bado wengine wanakwenda kununua vitu vichochoroni. Naomba baraza likumbuke kwamba wale sita waliotangulia, walipofika Nyumba ya Utulivu, vijusi vyao vilitulia katika muda wa siku kumi. Kama hawakuwa wakitumia, walitulizwa na nini?"

Watu wakatikisa vichwa kukubali. Bi. Perpetua naye alitikisa chake. Aliwasoma yeye mwenyewe.

"Kuna mtu wa kumsemea mshitakiwa?" aliuliza Hakimu.

"Nipo!"

Aliyejibu alikuwa mwanamke mnene aliyekuja mbele akikaza kanga kiunoni, kana kwamba anakwenda kuinua sufuria.

"Jina lako?"

"Hakimu nawe! Unanijua. Ulipokuja kukagua kiwanda ulikunywa uji wangu vikombe viwili ukaomba cha tatu."

Baraza zima lilicheka. Hata Hakimu aliinamisha uso kuficha tabasamu.

"Liandikwe hata hivyo."

"Mashavu binti Kaoneka. Mpishi wa korona, mwaka wa kumi na tisa." Akamwelekezea Mwanakombo kidole. "Huyu binti namlisha mimi, kwa mkono huu. Nikisikia anakula dawa, nitakuwa wa kwanza kumchapa. Lakini hali dawa! Nawajua wangu wote wenye mimba. King'ora cha saa nne kikilia, wao hawapangi foleni. Wanakuja mbele, wanakaa, nawahudumia. Wala siwapi uji wa juu ule mwepesi, huo ni wa wanaume. Nauacha utulie, halafu nazamisha upawa mpaka chini kabisa, nauchota ule mzito. Ndivyo nilivyofundishwa na mama yangu: mwenye mimba hapewi maji ya juu. Bakuli mbili za uji wa chini kila siku. Sasa mtoto wa kulishwa hivyo atakosaje nguvu ya kuruka?"

Watu walicheka tena. Bi. Perpetua hakucheka. Alikuwa ameiokota tena kalamu yake.

"Mheshimiwa," alisema, "naomba kumwuliza shahidi."

"Msomaji haulizi, Bi. Perpetua. Unajua."

"Namwuliza kuhusu uji. Nadhani kila mwanamke aliyekwisha kukoroga uji anaruhusiwa kuuliza."

Hakimu akasita, kisha akapunga mkono kuruhusu.

"Bi. Mashavu, unga wa lishe unautia wakati gani?"

"Ule mweupe wa kampuni? Mwishoni, nikishaepua. Gunia limeandikwa usichemshwe."

"Unayeyuka?"

"Uyeyuke wapi! Unashuka chini kama mchanga. Ndiyo maana nakwambia wa chini ndio wenye nguvu."

"Ulianza kuutia lini?"

"Kama miezi mitatu sasa. Na ni unga kweli, si mchezo! Tangu uje, watu wanafanya kazi utafikiri hawana mifupa ya kuchoka. Mzee Sabuni wa kwenye mashine anaimba zamu nzima, na sauti yenyewe hana."

"Wewe huunywi?"

"Nilijaribu siku moja, sikupata usingizi siku mbili. Nikasema huu ni wa vijana."

Alicheka peke yake.

"Mheshimiwa," alisema Bwana Mkufya, akiwa amekwisha kusimama, "hatukuja hapa kujadili mapishi."

Hakimu alitazama saa, akatangaza mapumziko ya robo saa.

*

Bwana Mkufya alimkuta Bi. Perpetua katika chumba cha wasomaji, amesimama mbele ya kabati, viganja vyake vimebana ukingo wa rafu.

"Mama yangu, tusikurupuke," alianza.

"Mimi si mama yako. Ule unga una nini?"

"Ni kiamsho chepesi. Umeidhinishwa kwa watu wazima, kijiko kimoja kwa sufuria nzima. Mtu anapata chembe tu. Hakuna aliyemwambia yule mama awape wajawazito bakuli mbili za mashapo ya chini."

"Kwa hiyo mwenye kosa ni mpishi."

"Sijasema hivyo."

"Umesema hivyo hivyo! Mwanamke anawapendelea wajawazito kama walivyopendelewa mama zake wote, nanyi mnamwekea sumu chini ya upawa, halafu mnashangaa upawa umezama!"

Bwana Mkufya alivuta pumzi. Alikuwa na adabu, na adabu yake ilizidi kumchoma Bi. Perpetua.

"Nisikilize. Tukirudi, sema hapana. Nami sitapinga. Binti atakwenda nyumbani, na kuanzia kesho unga ule hautatiwa tena. Kimya kimya. Kila mtu atakuwa amepona."

"Na wale sita?"

"Wale wamekwisha kusomwa." Alikohoa kidogo. "Na aliyewasoma, samahani, ni wewe."

Akatoka, akafunga mlango polepole.

Bi. Perpetua alibaki peke yake. Kwa miezi miwili hasira yake iliwaangukia mabinti wale, na kila mmoja alipolia kwamba hajatumia kitu, yeye alizidi kumdharau. Sita walikuwa wamelala sasa hivi kwenye vitanda vya Nyumba ya Utulivu, wakisubiri kuzaa watoto watakaochukuliwa kabla hawajakauka. Wote kwa saini yake. Aliona alichotenda kila mtoto, naye hakukosea hata alama moja. Na kwa sababu kiapo kilimkataza kuuliza kwa nini, alikuwa ameona raha kutouliza.

Kulikuwa na njia ya kuwatoa. Kanuni ya tisa ilisema kwamba msomaji akivunja kiapo barazani, usomaji wake wote unaohusu watoto ambao hawajazaliwa hufutwa, na wanaoshikiliwa huachiwa siku ile ile. Msomaji mwingine angechukua miezi mitatu kuapishwa. Angevunja kiapo, milango ingefunguka.

Lakini milango hiyo ilikuwa saba.

Aliyekuwa nyuma ya mlango wa saba aliitwa Tunu Msagati, ambaye hajawahi kukanyaga korona. Yeye alivuta heroini, na hakuwahi kuficha. Siku aliposomwa, mtoto wake alilala juu ya Meza ya Nuru kama kitambaa kilichodondoka. Kengele ililia mara ishirini naye hakutikisa hata kidole. Kifua hakikufanya mazoezi ya kupumua. Mkono haukutafuta mdomo. Tunu alikuwa amekwisha kumzika mtoto mmoja aliyeishi siku mbili. Sasa, baada ya wiki tatu za dozi za matibabu katika Nyumba ya Utulivu, mtoto huyu alikuwa ameanza kunyonya kidole gumba. Bi. Perpetua alimwona Jumatatu, akaenda kulia chooni ili manesi wasimwone.

Kuwafungulia sita kulimaanisha kumfungulia Tunu, arudi mtaani na wiki nane zilizobaki. Kumwacha Tunu salama kulimaanisha kuwaacha sita waporwe watoto wao kwa ajili ya bakuli la uji waliloletewa kwa upendo. Alitafuta njia ya tatu, hakuipata. Malalamiko yoyote juu ya kiwanda yalipaswa kupitia kwa afisa ustawi wa kiwanda.

Karani aligonga mlango.

*

"Msomaji," alisema Hakimu, "kijusi hiki kimeonyesha alama za dawa? Ndiyo au hapana?"

Bwana Mkufya alikuwa anamtazama kwa utulivu. Mwanakombo alikuwa amefumba macho.

"Ndiyo," alisema Bi. Perpetua.

"Mungu anakuona!" Mwanakombo alipiga kelele. "Mama mzima wewe! Mungu anakuona!"

"Ndiyo," alirudia Bi. Perpetua, akapaza sauti juu ya kelele zile, "na dawa hiyo imo katika unga mweupe ambao kiwanda kinautia kwenye uji. Unazama chini, na uji wa chini hupewa wajawazito."

Hakimu alipiga meza. "Bi. Perpetua! Ishia hapo."

"Sijamaliza, Mheshimiwa."

"Ukiendelea unavunja kiapo. Iondoe kauli hiyo, nami nitaamuru isiandikwe. Nakusihi. Miaka kumi na mmoja, mama!"

"Iandikwe. Karani, andika vizuri, usiruke neno. Wale sita walitulia kwa sababu waliachishwa uji, si kwa sababu waliachishwa vichochoro. Tumemsimamisha mtoto ashuhudie dhidi ya mama yake, tukakataza asiulizwe nani aliyemtia hiyo dawa. Mtoto hakusema uongo. Sisi ndio tuliotaka kusikia nusu ya maneno yake, na mimi nimeisoma nusu hiyo kwa sauti ya kiburi, mara saba. Anayefaa kukalia kiti kile yumo humu ndani, amevaa koti."

Baraza lililipuka. Watu waliosimama waliwakanyaga waliokaa. Katikati ya ghasia hiyo Bi. Mashavu alikuwa amesimama wima, ameinua mikono yake mbele ya uso, anaitazama kama mikono ya mtu mwingine.

"Nimewapa mimi?" aliuliza. "Mimi ndiye niliyewapa?"

"Uliletewa gunia, Bi. Mashavu."

Mpishi alimgeukia Bwana Mkufya. Hakupiga kelele, na watu walinyamaza ili wamsikie.

"Nilikuuliza huu unga wa nini. Ukaniambia wa lishe. Nikakuuliza tena, ukaniambia, 'Koroga, mama, acha maswali.'" Akatazama saa ya ukutani. "Saa nne kasorobo. Wanapakua sasa hivi."

Akatoka mbio, kanga ikimdondoka mlangoni, asirudi kuiokota. Wanawake kama kumi walimfuata. Baadaye ilisemekana kwamba sufuria zote nne zilimwagwa katika mtaro wa maji machafu ya mkonge, na kwamba mabawabu walisimama wakatazama tu, kwa kuwa wake zao nao hunywa uji huo.

Hakimu Mbaruku alisoma kanuni ya tisa bila kuinua macho. Kiapo kimevunjwa. Msomaji amevuliwa kazi. Usomaji wote wa watoto wasiozaliwa umefutwa. Wanaoshikiliwa waachiwe kabla ya saa saba. Suala la unga litapelekwa kwa mamlaka zinazohusika. Aliposema maneno hayo ya mwisho, Bwana Mkufya alikuwa amekwisha kuondoka, na kiti chake bado kina joto.

Karani alimfungua Mwanakombo mkanda. Kivuli cha dhahabu kikazimika juu ya meza. Binti alimjia Bi. Perpetua, akasimama karibu mno, kama mtu anayetaka kupiga.

"Mtoto wangu ameumia?"

"Sijui, mwanangu."

"Unajua kila kitu, leo hujui?"

"Leo sijui. Usiuguse uji ule tena. Baada ya siku kumi, kaa mahali patulivu, umwombe mtu agonge sufuria karibu na tumbo lako, halafu uweke mkono hapa, pembeni. Hesabu. Akizoea kabla ya mara ya kumi, anapona. Asipozoea, niite mchana au usiku, nitakuja."

Mwanakombo aliuweka mkono pale alipoonyeshwa. Hakushukuru, wala Bi. Perpetua hakutarajia shukrani.

*

Saa saba kasoro dakika kumi, lango la Nyumba ya Utulivu lilifunguliwa. Wale sita walitoka pamoja. Mume wa mmoja wao alikuwa amekuja na baiskeli, akamkalisha mkewe nyuma kama yai. Watatu walipomwona Bi. Perpetua ng'ambo ya barabara waligeuza nyuso. Mmoja alitema mate chini.

Tunu alitoka wa mwisho, peke yake, amebeba mfuko wa nailoni. Alikuwa amenenepa mashavu kidogo. Alimwona, akavuka barabara.

"Wewe ndiye uliyenifunga."

"Ndiyo."

"Wanasema leo umenifungua. Umenionea huruma?"

"Hapana. Nilitaka kuwatoa wale sita. Wewe umetoka kwa sababu sikuweza kuwatoa wao bila kukutoa wewe."

Tunu alicheka kicheko kikavu. "Angalau huna unafiki."

"Kwangu kuna chumba. Dozi yako nitakuwa nikikufuatia katika kliniki ya hapa kila asubuhi. Nimekwisha kuzungumza na nesi."

"Nikikataa?"

"Utakwenda utakako. Sina karatasi ya kukushika nayo."

"Kumbe leo unaomba."

"Naomba."

Hasira ilimpanda Bi. Perpetua hata katika kulitamka neno hilo: aliikasirikia sheria, akaukasirikia unga, akamkasirikia mwanamke huyu aliyekuwa anachezea mpini wa mfuko wake huku mtoto ananyonya kidole gumba ndani yake. Alitamani kumshika mkono na kumburuta. Akaifumbata mikono yake nyuma.

Walitembea mpaka mahali barabara inapogawanyika. Njia ya kulia ilikwenda kwa Bi. Perpetua. Upande wa kushoto, nyuma ya vibanda vya chipsi, vijana watatu walikuwa wamekaa juu ya matairi. Mmoja aliinua mkono na kumwita Tunu kwa jina. Bi. Perpetua alisimama. Alihesabu pumzi zake, akafika kumi na saba.

Tunu alifyonya kwa nguvu, akamsukumia ule mfuko kifuani, akashika njia ya kulia.

"Usidhani nimekusamehe, Bi. Perpetua."

"Sijakuomba msamaha," alijibu, akimfuata. "Nimekuomba uje."